Shajara ya mradi: miksi ya 5.1 ndani ya chumba kidogo

3 Februari: Kazi na vifaa

Rafiki yangu mwongozaji amemaliza kuhariri filamu ya dakika 22 kuhusu mafundi wa majahazi wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, na ameniomba nimtengenezee sauti ya mzunguko ya 5.1, au saraundi kama wengi tunavyoiita, badala ya stirio niliyoizoea miaka yote. Ninafanyia kazi Dar es Salaam, katika chumba cha mita 3.4 kwa 4.2 kilichoezekwa bati, na sijawahi kumiksi, yaani kuchanganya na kusawazisha sauti, zaidi ya chaneli mbili. Shajara hii ni kwa ajili ya mwenye chumba kama changu anayetaka kuifuata kazi hii, au angalau kuyakwepa mashimo niliyotumbukia.

Kwa ufupi, 5.1 ni chaneli sita: kushoto, kulia, kati, nyuma kushoto, nyuma kulia, na chaneli ya besi iitwayo LFE. Tano hubeba masafa yote, ilhali LFE huishia Hz 120, na ndiyo sababu huhesabiwa kuwa ".1". Pendekezo la ITU-R BS.775, la shirika la kimataifa la mawasiliano, huweka spika za mbele nyuzi 30 kila upande wa ile ya kati, na za nyuma kati ya nyuzi 100 na 120, kwa hiyo hizo tunazoziita za nyuma zimo ubavuni kuliko kisogoni.

Programu ya kuhariri sauti nitakayotumia ni REAPER, kwa kuwa treki yake moja hubeba chaneli nyingi, leseni yake ya bei nafuu ni dola 60, na faili lake la mradi, lenye kiambishi RPP, ni maandishi matupu yanayofunguka katika programu yoyote ya kuandikia. Sababu hii ya tatu niliiona ya pambo tu nilipokuwa ninachagua.

Vifaa nimevipata Kariakoo, vyote vya mkono wa pili isipokuwa nyaya: sabufa la 5.1 kwa Sh 170,000, kadi ya sauti ya nje yenye matundu manane ya kutolea sauti kwa Sh 260,000, na nyaya sita kwa Sh 42,000. Anayenunua sabufa kwa kazi hii akague sehemu ya nyuma kabla ya kutoa fedha, na ahakikishe kuna matundu sita yanayojitegemea, moja kwa kila chaneli. Mengi yanayouzwa kwa jina la 5.1 yana bluetooth na tundu la stirio tu, na hizo spika tano zinarudia chaneli mbili zilezile. Muuzaji wa kwanza alinionyesha la namna hiyo kwa kujiamini kabisa.

10 Februari: Kurekodi Nungwi

Filamu ilirekodiwa kwa maikrofoni ya kamera na ya kifuani, kwa hiyo sauti za mazingira hazikuwa na nyuma wala ubavu. Tumerudi ufukweni kwa siku mbili, nikaweka rekoda mbili za stirio, moja ikitazama jahazi linalojengwa na nyingine ikitazama mji, zote kwa kilohetzi 48 na biti 24. Kilohetzi 48 ndicho kipimo cha kazi za video, na mradi wenyewe nimeuweka hapohapo tangu mwanzo.

Tulichovuna ni tezo likichonga taruma, keke ikitoboa ubao, nyundo za wanaotia kalafati, na adhana ya Alasiri ikitokea mjini, nyuma kushoto mwa fundi. Upepo wa kaskazi uliharibu karibu nusu ya siku ya kwanza, kwa sababu sponji iliyokuja na rekoda haifui dafu mbele ya upepo wa pwani. Siku ya pili nilizivika rekoda vipande vya zulia la manyoya marefu na mngurumo ukapungua sana.

Kosa la hapa lilijitokeza nyumbani. Nilipiga kofi moja mbele ya rekoda zote mbili mwanzoni na jingine mwishoni mwa dakika 40. Nilipolinganisha makofi ya mwanzo, yale ya mwisho yalipishana kwa milisekunde 60, maana saa ya ndani ya kila rekoda hutembea kwa mwendo wake na hakuna waya uliozifunga pamoja. Ningeweza kubadili mwendo wa faili moja kwa sehemu 25 katika milioni, lakini nimechagua njia nyepesi: nimekata rekodi vipande vya dakika tano na kulinganisha kila kipande upya, hivyo tofauti haizidi milisekunde 8. Kwa bahari na upepo hilo latosha. Kwa muziki nisingethubutu.

17 Februari: Kupanga spika

Seremala wa mtaani amenitengenezea stendi mbili za mbao kwa Sh 60,000. Spika nne zimekaa mita 1.5 kutoka kichwani mwangu, lakini ya nyuma kulia imezuiwa na kabati na iko mita 1.1 tu. Kwa joto la chumba hiki sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde, kwa hiyo upungufu wa sentimita 40 unaifanya spika hiyo iwahi kwa milisekunde 1.15. Nimeweka kichelewesha cha kiasi hicho kwenye chaneli yake, katika treki kuu ya mradi.

*Nyongeza ya 8 Aprili: mahali hapo pa kukiweka palikuwa kosa. Tazama chini.*

24 Februari: Kupima chumba

Nimeazima maikrofoni ya kupimia na kutumia programu ya bure ya Room EQ Wizard. Grafu imeonyesha jambo ambalo masikio yalikuwa yanalishuku: zile spika tano ndogo huporomoka chini ya Hz 130, na matundu sita ya sabufa hupeleka kila chaneli kwenye spika yake bila kuhamishia besi kwenye spika kubwa. Kwa hiyo kifua cha msimulizi na uzito wa nyundo vilikuwemo kwenye faili, ila havikusikika chumbani. Siku mbili nilikuwa nimeongeza besi kwenye sauti ya msimulizi, na ningeendelea hivyo angekuja kunguruma kama tangi tupu katika ukumbi wenye spika kamili.

Dawa ni kugawanya masafa kwa mkono: kwa kila chaneli kati ya hizo tano, kilicho juu ya Hz 130 kibaki kwenye spika yake, na kilicho chini kijumlishwe na kupelekwa kwenye spika ya besi. Nimeujenga mgawanyo huo katika sehemu ya REAPER inayoitwa Monitoring FX, ambayo hugusa kile kinachotoka kwenye spika peke yake na haiingii katika faili linalorendwa, yaani linalotolewa likiwa kamili.

Mwisho nimerekebisha spika ya besi mpaka mstari wake kwenye grafu ulingane na ule wa spika nyingine, nikaridhika.

*Nyongeza ya 20 Aprili: hapa pia nilikosea, na kosa hili lilijificha muda mrefu kuliko yote.*

2 Machi: Mafaili yaliyopotea

Mwongozaji alitaka kusikia hatua ya kwanza kwenye kompyuta yake. Nikanakili faili la RPP kwenye flashi, tena kwa fahari, kwa kuwa lilikuwa dogo kuliko picha moja ya simu. Alipolifungua, REAPER ilimwuliza yako wapi mafaili 214.

Faili la mradi halibebi sauti. Lina maelezo tu: kipande gani kichukuliwe kutoka faili gani, kianze sekunde ya ngapi, kipite kwenye plagini (programu ndogo za kuchakata sauti) zipi. Sauti zilizokuwemo ndani ya folda ya mradi zilikuwa zimeandikwa kwa njia fupi inayoanzia kwenye folda hiyo, lakini zile nilizoburuta moja kwa moja kutoka kwenye diski ya rekodi zilikuwa zimeandikwa kwa njia ndefu, kuanzia herufi ya diski. Kompyuta yake haikuwa na folda hiyo wala diski ya herufi hiyo.

Nilifanya mambo mawili. Kwanza, nilihifadhi mradi upya kwa amri ya kuhifadhi kwa jina jingine, nikiwa nimeweka alama kwenye chaguo la kunakili sauti zote ndani ya folda ya mradi, nikampelekea folda hiyo nzima. Pili, kwa toleo la zamani ambalo tayari lilikuwa kwake, nilimwambia atengeneze nakala ya RPP, aifungue kama maandishi, atafute sehemu ya mwanzo ya njia ile ndefu na kuibadilisha yote kwa mkupuo iwe njia ya folda hiyo. Mafaili 214 yalirudi katika dakika mbili, na hapo nikaheshimu ile sababu ya tatu.

Nimenunua diski ya nje kwa Sh 130,000. Kila Ijumaa folda nzima inanakiliwa huko, wala si RPP peke yake.

11 Machi: Umeme

Umeme ulikatika wakati programu inahifadhi. Uliporudi, RPP ilikuwa na baiti sifuri. Karibu nayo palikuwa na faili lenye jina lilelile na kiambishi rpp-bak, ambalo REAPER huliacha kila inapohifadhi juu ya toleo la awali. Nikabadilisha kiambishi chake na kuendelea, nikiwa nimepoteza kazi ya saa moja hivi. Sasa nimewasha hifadhi ya kila dakika tano inayotoa faili lenye tarehe na saa ndani ya jina, na nimenunua UPS (betri ya akiba) iliyotumika kwa Sh 90,000. Inanipa dakika saba, nami huhitaji moja.

21 Machi: Nyuma ya bandia

Matukio mengine ya filamu hayakuwa na rekodi ya nyuma, hasa yale ya alfajiri, kwa hiyo nilichukua sauti ya bahari ya mbele, nikainakili nyuma kwa kuichelewesha milisekunde 20. Ndani ya 5.1 ilipendeza mno. Kisha nikaibana iwe stirio, maana watu wengi wataitazama filamu hii kwenye simu, na bahari ikageuka sauti ya mtu anayezungumza ndani ya mtungi.

Kinachotokea ni hesabu ya kawaida. Katika kubana, chaneli ya kati huingizwa kushoto na kulia ikiwa imepunguzwa desibeli 3, za nyuma hujumlishwa na za mbele za upande wao zikiwa zimepunguzwa vivyo hivyo, na LFE kwa kawaida huachwa kabisa. Sauti inapojumlishwa na nakala yake iliyochelewa milisekunde 20, masafa ya Hz 25, 75, 125 na kuendelea, kila baada ya Hz 50, hupambana na kupungua, na sikio hulisikia pengo hilo kama uwazi wa mtungi.

Nilijaribu milisekunde 35, kisha 12, na mapengo hayo yalihama tu. Kilichofaa ni kuachana na nakala: nyuma nimeweka bahari ileile ya ufukwe uleule, lakini kutoka dakika nyingine ya rekodi. Sikio halitambui kwamba mawimbi hayo si ya wakati mmoja, na kwa kuwa hayafanani wimbi kwa wimbi, hayalani yanapokutana. Tangu siku hiyo kitufe cha kubana stirio ndicho ninachobonyeza mara nyingi kuliko vyote.

Tukio hilo limenifundisha pia jinsi LFE isivyo mahali pa kuweka kitu cha lazima. Pigo la jahazi kugusa maji nilikuwa nimeliweka huko peke yake. Kwenye stirio jahazi lilishuliwa kimya. Sasa pigo hilo limo katika chaneli za mbele, na LFE inaliongezea uzito tu.

5 Aprili: Ukumbini, jaribio la kwanza

Masika yamenipotezea wiki nzima, kwa sababu mvua juu ya bati haina mpinzani chumbani humu. Leo nimekodi ukumbi mdogo wenye projekta na risiva ya 5.1 (kifaa kinachopokea sauti na kuziendesha spika) kwa Sh 40,000, nikaenda na faili la chaneli sita nililolirenda jana usiku, na mwongozaji amekuja na watu watatu.

Msimulizi alisikika kutoka kulia. Nyundo zilizotakiwa kuwa kulia zilisikika katikati. Adhana ya nyuma kushoto ilipotea, na badala yake spika ya besi ikawa inaguguna bila maneno. Mmoja wa wageni aliuliza kwa adabu kama ndivyo nilivyokusudia.

Nilirudi nyumbani nikafungua mradi, na kila kitu kilikuwa mahali pake. Ilinichukua jioni nzima kuelewa kwamba hilo halikuwa uthibitisho wa lolote. Mwanzoni nilikuwa nimepanga chaneli kwa mpangilio wa sinema, yaani kushoto, kati, kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia, LFE, kisha nikachomeka nyaya kwa mpangilio huohuo. Programu na nyaya vilikubaliana, kwa hiyo chumba kilisikika sawa, na kingesikika sawa hata kama ningeuchagua mpangilio mwingine wowote mradi nyaya ziufuate. Lakini faili la WAV linapotoka nje husomwa kwa mpangilio wake: kushoto, kulia, kati, LFE, nyuma kushoto, nyuma kulia. Chaneli yangu ya pili, msimulizi, ilisomwa kuwa kulia. Ya tatu, kulia, ikawa kati. Ya nne, yenye adhana, ikawa LFE.

6–8 Aprili: Marekebisho

Faili lililokwisha kurendwa laweza kuokolewa bila kufungua mradi, kwa FFmpeg, programu ya bure ya kubadilisha mafaili ya sauti na video:

`ffmpeg -i jahazi.wav -af "channelmap=0|2|1|5|3|4:5.1" -c:a pcm_s24le jahazi_sawa.wav`

Namba zinaanzia sifuri, na kila moja hutaja chaneli ya zamani itakayokaa katika nafasi hiyo mpya. Nilifanya hivyo kwa majaribio, kisha nikaona ni aibu kuacha mradi wenyewe umepinda, nikaupanga upya kwa mpangilio wa WAV na kuchomoa nyaya zote sita. Kila treki sasa ina jina linaloanza na mpangilio wa chaneli zake, na sehemu ya maelezo ya mradi ina mistari mitatu inayosema jambo hilohilo kwa atakayeufungua baada yangu.

Nilipokuwa ninapanga upya, nikakutana na kile kichelewesha cha tarehe 17 Februari. Kilikuwa kwenye treki kuu, maana yake kila faili nililorenda lilibeba ucheleweshaji wa milisekunde 1.15 nyuma kulia, kwa sababu ya kabati lililo chumbani kwangu. Ukumbini hakuna kabati hilo. Nimekihamishia kwenye Monitoring FX, na nikachora mpaka ambao ningepaswa kuuchora Februari: kinachorekebisha chumba kikae Monitoring FX, kinachohusu filamu kikae ndani ya mradi. Jambo moja la kuangalia ni kwamba Monitoring FX haihifadhiwi katika RPP; huhifadhiwa pamoja na mipangilio ya programu yenyewe, kwa hiyo nimeihifadhi pia kama mnyororo wa plagini wenye jina, ndani ya diski ya nje.

19 Aprili: Ukumbini, jaribio la pili

Sh 40,000 nyingine. Msimulizi yuko katikati, adhana iko nyuma kushoto, keke inasikika kulia kama ilivyokuwa ufukweni. Nilianza kupumua, mpaka dakika ya 19, jahazi liliposhuliwa na madirisha ya ukumbi yakaanza kutetemeka, huku pigo la maji likifunika wimbo wa wanaovuta kamba.

Kosa hili lilikuwepo hata mara ya kwanza, ila LFE yangu ilikuwa inatokea spika ya nyuma kulia, na kwa hiyo kosa moja lilikuwa limelificha jingine.

20 Aprili: Desibeli 10

Chaneli ya LFE huchezwa kwa desibeli 10 zaidi ya chaneli nyingine katika masafa yake, na risiva ya ukumbini hufanya hivyo yenyewe. Mimi Februari nilikuwa nimeilinganisha spika ya besi na nyingine mpaka mistari ya grafu ikakaa sawa, nikiamini kwamba usawa ndio usahihi. Kwa kuwa chumbani LFE ilisikika dhaifu, nilipandisha kile kilichomo ndani yake, kidogo leo na kidogo kesho, na nilipohesabu nimekuta nimeongeza desibeli 9.5. Ukumbi ukaongeza zake 10 juu yake.

Kurekebisha si kuongeza nguvu ya spika ya besi yote, kwa sababu spika hiyo hubeba pia besi iliyohamishwa kutoka kwa zile tano, na hiyo haitakiwi kupandishwa. Katika Monitoring FX nimeongeza desibeli 10 kwenye chaneli ya LFE kabla haijakutana na besi hiyo. Nimepima tena: mstari wa LFE uko juu ya mingine kwa desibeli 10. Kisha nimeshusha treki za LFE ndani ya mradi na kusikiliza tukio la kushua upya. Wimbo wa wavutaji umesikika juu ya maji.

Kipimo cha ukubwa wa sauti hakikunionya hata kidogo, na sasa najua sababu: kipimo hicho, kiitwacho LUFS, chini ya pendekezo la ITU-R BS.1770, hakihesabu LFE kabisa. Miksi ilikuwa ikisoma -23 LUFS bila wasiwasi, huku madirisha ya watu yanatetemeka.

26 Aprili: Kukabidhi

Sikukodi ukumbi mara ya tatu. Nimepima faili kwenye sebule ya jirani mwenye risiva ya namna hiyo, na kila kitu kilikaa mahali pake. Kabla ya filamu nilicheza faili fupi ambalo sasa linatangulia kila jaribio: sauti yangu ikitaja jina la kila spika, moja baada ya nyingine. Linachukua sekunde 20, na lingeniokolea Sh 40,000.

Nimekabidhi faili la chaneli sita la kilohetzi 48 na biti 24, lenye ukubwa wa GB 1.14, pamoja na stirio yake. Mwenye filamu ndefu akumbuke kwamba WAV ya kawaida ina kikomo cha GB 4: kwa chaneli sita za biti 32 kikomo hicho hufika baada ya dakika 62, na hapo atumie RF64, aina ya WAV isiyo na kikomo hicho. Nimetoa pia msimulizi, mazingira na athari katika mafaili matatu tofauti yanayoanza sekunde ileile, kwa kuwa mwongozaji anatafuta msimulizi wa Kifaransa na plagini zangu hazimo kwenye kompyuta ya studio atakayoitumia.

Gharama yote ni Sh 832,000 pamoja na dola 60 za leseni. Kabati bado liko palepale. Mke wangu ameahidi kulifikiria baada ya masika.